Kinywa kinapokauka, tusiseme tu "kunywa maji"

Katika makanisa yetu mengi yuko mzee ambaye siku hizi haimbi tena. Wimbo unaanzishwa, anafungua kinywa, ulimi unanata kwenye kaakaa na sauti haitoki. Akipokea mkate wa meza ya Bwana, anautafuna muda mrefu akingojea kikombe kimfikie ili apate kumeza. Nyumbani anaacha nusu ya bukari kwenye sahani, na wajukuu wanasema, "Nkambo ameshiba." Hajashiba. Mate yake yamepungua na chakula hakishuki.

Ukavu wa kinywa ni shida ambayo watu huionea haya. Mtu ataeleza maumivu ya mgongo mbele ya kundi zima la maombi, lakini hatasema kwamba kinywa chake kinanuka na kwamba usiku anaamka mara tatu kulowesha ulimi. Na akithubutu kusema, jibu tunalompa ni lile lile: "Kunywa maji." Jibu hilo si baya. Ila mara nyingi halitoshi, na wakati mwingine linafunika ugonjwa ambao ungeweza kutunzwa vizuri kama ungejulikana mapema.

Tunaandika haya tukiwakumbuka hasa ndugu zetu wa Kiambi na vijiji vya kando yake, katika mkoa wetu wa Tanganyika. Mto Luvua unatoka Ziwa Mweru kule Pweto, unapita Kiambi, na kule Ankoro unaungana na Lualaba. Watu wanaishi kando ya maji mengi, lakini daktari wa meno yuko mbali, safari ya Kalemie ni ndefu na ya gharama, na dawa zinanunuliwa moja moja kwa mafranga machache. Kwa hiyo tutasema zaidi juu ya mambo ambayo familia inaweza kuyafanya nyumbani, na mambo ambayo muuguzi wa kituo cha afya anaweza kuyapima.

Mate yana kazi gani

Mungu ameweka katika kinywa chetu tezi kubwa sita za mate, tatu kila upande: moja mbele ya sikio, moja chini ya taya, na moja chini ya ulimi. Zaidi ya hizo kuna tezi ndogo mamia kwa mamia ndani ya midomo na mashavu. Mtu mzima mwenye afya hutoa mate kiasi cha nusu lita hadi lita moja na nusu kwa siku. Hatuyahesabu kwa sababu tunayameza bila kuwaza.

Kazi ya mate ni kubwa kuliko kulowesha. Yanalainisha chakula kiweze kushuka. Yanaanza kuvunja wanga wa bukari na mihogo kabla haujafika tumboni. Yanaosha mabaki ya chakula kwenye meno. Yanapunguza ukali wa asidi inayotoboa meno, na yanarudishia meno madini yaliyopotea. Tena yana kinga zinazozuia vijidudu na kuvu visitawale kinywani. Hata ladha ya chumvi hatuionji mpaka iyeyuke kwanza katika mate.

Ndiyo maana mate yakipungua, shida haziji peke yake. Meno yanaoza haraka, hasa pale chini karibu na ufizi. Ulimi unapasuka na kuwaka. Utando mweupe wa kuvu unatokea. Meno ya bandia hayashiki. Mtu anaanza kukwepa vyakula vikavu, baadaye anakwepa chakula chenyewe, mwili unakonda, na sisi tunasema ni uzee.

Hapo tuseme jambo moja wazi: uzee peke yake haukaushi kinywa sana. Mzee mwenye afya anaendelea kuwa na mate ya kumtosha. Kinywa cha mzee kikikauka siku baada ya siku, mara nyingi sababu ni ugonjwa fulani au dawa fulani. Kwa hiyo swali la kwanza liwe hili: "Baba, kimeanza kukauka lini, na wakati huo kitu gani kilibadilika?" Maji yatolewe, lakini swali lisiachwe.

Sababu ya kwanza: maji ya mwili yamekwisha

Homa, kuhara, kutapika, na kazi ya shamba juani vinatoa maji mwilini. Mwili ukikosa maji, mate ni kati ya vitu vya kwanza kupungua. Kwa mtu mzima aliyetoka kulima, hili linatengenezwa kwa kunywa na kupumzika kivulini.

Kwa mtoto mwenye kuhara, kinywa kikavu ni ishara ya hatari. Mkoa wetu umeijua kipindupindu miaka mingi, hasa Kalemie na vijiji vya kando ya ziwa. Mtoto ambaye kinywa kimekauka, macho yameingia ndani, analia bila machozi, na ngozi ya tumbo ukiifinya inachelewa kurudi, huyo asingoje kesho asubuhi. Mpe maji ya SRO kidogo kidogo huku mkitembea kwenda kituoni. Kama pakiti ya SRO haipo, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Kama ananyonya, aendelee kunyonya.

Sababu ya pili: ugonjwa wa sukari

Kuna mtu anayekunywa sana na bado kinywa ni kikavu. Anamaliza kidumu kidogo mchana, usiku anatoka nje kukojoa mara nne, na kiu inarudi. Huyu usimsifu kwamba anakunywa maji vizuri. Sukari ikizidi katika damu, figo zinaitoa kwa mkojo, na sukari ikitoka inavuta maji. Mwili unakauka kwa ndani hata kama mtu anaishi kando ya Luvua.

Ishara nyingine ni hizi: kukonda ingawa anakula, uchovu, macho kuona ukungu, kidonda cha mguu kisichopona. Wazee wetu walijua pia kwamba siafu na chungu hukusanyika mahali mtu wa namna hiyo alipokojoa.

Kipimo ni tone moja la damu la kidole. Kabla ya kula asubuhi, kiasi cha sukari kikiwa 126 au zaidi kwa vipimo vya miligramu, na kikipimwa tena siku nyingine kikawa hivyo hivyo, ni ugonjwa wa sukari. Kwa mtu mwenye dalili tulizotaja, 200 au zaidi saa yoyote ya siku inatosha kumwambia muuguzi kwamba ugonjwa upo. Kituo kikiwa hakina kifaa siku hiyo, uliza hospitali kuu ya eneo la afya, na usiache kuuliza.

Hapa ndipo kosa moja la upendo linapoumiza watu. Tunamhurumia mgonjwa mwenye kiu, tunamnunulia soda. Soda inalowesha ulimi dakika kumi, inapandisha sukari ya damu, inaongeza mkojo, na inaoza meno ambayo tayari hayana mate ya kuyalinda. Vivyo hivyo chai yenye sukari nyingi na pipi za kumumunya. Zawadi njema kwa mgonjwa wa namna hii ni maji yaliyochemshwa na kupoa, ndani ya chupa safi yenye kifuniko.

Sababu ya tatu: dawa tunazomeza

Dawa nyingi hupunguza mate, na zile za kila siku ndizo zinazowasumbua wazee. Dawa za presha zinazoongeza mkojo, kama furosemidi na hidroklorotiazidi, hukausha kinywa. Metildopa, ambayo mama wajawazito wenye presha hupewa, inaweza kufanya hivyo. Amitriptilini, inayotolewa kwa huzuni nzito, kukosa usingizi au maumivu ya mishipa, hukausha sana. Dawa za mafua na za kuwasha kama klorofeniramini na prometazini zimo. Baadhi ya dawa za ugonjwa wa akili zimo. Dawa kali za maumivu kama tramadoli zimo pia, na mtu akimeza namna tatu kwa pamoja ukavu unaongezeka.

Sasa sikiliza vizuri, kwa maana hapa watu wanapotea. Presha haiumi. Kinywa kikavu kinaumiza kila saa. Mzee anapima mambo hayo mawili kwa akili yake, anaona dawa ndiyo adui, anaiacha bila kumwambia mtu. Kinywa kinapata nafuu, na watoto wanafurahi kwamba amerudi kula. Baada ya muda presha inapanda bila kelele, na siku moja upande mmoja wa mwili unapooza. Kanisa linaitwa kuomba, wakati ambapo swali moja kwa muuguzi lingeweza kuzuia.

Kwa hiyo neno letu ni hili: usiache dawa peke yako, wala usivumilie kimya. Beba pakiti zote unazomeza, pamoja na zile ulizonunua sokoni na zile za miti, uziweke mbele ya muuguzi. Mwambie, "Tangu nianze hii, kinywa changu kinakauka." Muuguzi au daktari anaweza kupunguza kipimo, kubadilisha saa ya kumeza, au kukupa dawa nyingine inayofanya kazi ile ile. Wakati mwingine ataona kwamba dawa moja kati ya hizo haihitajiki tena. Na kama dawa haina mbadala, utabaki nayo ukijua namna ya kutunza kinywa.

Sababu nyingine

Hofu na huzuni hukausha kinywa. Mwili ukiogopa unajiandaa kukimbia, na mate yanazuiliwa. Yeyote aliyesimama kuhubiri mara ya kwanza analijua hilo. Lakini wako ndugu ambao hofu haikupita. Mapigano ya Waluba na Watwa ya 2016 na 2017 yalihamisha watu wengi sana katika mkoa wetu, na wengine walirudi kwenye majivu. Mtu anayeshtuka usiku, moyo ukidunda na kinywa kikiwa kama mchanga, haigizi. Anahitaji mtu wa kumsikiliza, na akipewa dawa ya usingizi inayokausha kinywa, anahitaji kuelezwa hivyo mapema.

Kulala kinywa wazi kwa sababu pua imeziba hukausha pia. Tumbaku na lutuku hukausha. Virusi vya ukimwi vinaweza kuvimbisha tezi za mate mbele ya masikio na kupunguza mate; na utando mweupe kinywani kwa mtu mzima asiye na sababu nyingine ni neno la kumpeleka kupimwa, bila kumhukumu. Kuna pia ugonjwa unaowapata hasa wanawake, ambao kinga ya mwili inashambulia tezi za mate na za machozi, kinywa na macho vinakauka pamoja. Unaitwa kwa jina la daktari wa macho wa Sweden, Henrik Sjögren, aliyeuandika mwaka 1933. Mama anayesema macho yake yana mchanga na kinywa hakina mate miezi mingi, asiambiwe kwamba ni mawazo tu.

Kabla ya kunyosha kidole

Tunajua yanayosemwa katika vijiji vyetu. Mtu akikonda, kinywa kikikauka na maji yasimkate kiu, yupo atakayesema amelishwa karuho, au amerogwa. Jina la jirani linatajwa. Mara nyingi ni mjane, au mke mwenza, au mama mzee anayekaa peke yake. Yanayofuata tunayajua pia.

Wapendwa, dalili hizo tulizitaja juu: kiu, mkojo mwingi, kukonda, udhaifu. Ni dalili za ugonjwa wa sukari, na tone moja la damu linaweza kuonyesha. Inawezekana kabisa mama mzee akafukuzwa kijijini kwa ajili ya sukari ya mtu mwingine. Mchungaji na wazee wa kanisa wana mamlaka hapa. Jina la mtu likianza kutajwa, waseme kwa sauti: mgonjwa apimwe kwanza.

Sumu za kweli zipo, hatukatai. Mmea wa datura, kwa mfano, hukausha kinywa ghafula, mboni za macho zinapanuka, uso unawaka, mtu anaongea maneno yasiyo na mpango. Hiyo inatokea kwa saa chache, mara nyingi kwa mtoto aliyetafuna mbegu au kwa mtu aliyepewa dawa ya miti kupita kiasi. Mpeleke hospitali mara moja, na kama mmea unajulikana, beba tawi lake. Hata hapo, kinachookoa ni mbio za kwenda kwa daktari.

Juu ya kufunga

Makanisa yetu hufunga, na mengine hufunga kavu, bila chakula wala maji, siku moja au tatu. Hatuandiki kupinga maombi. Lakini mtu mwenye ugonjwa wa sukari, mtu anayemeza dawa za kuongeza mkojo, mwenye ugonjwa wa figo, mama mjamzito na anayenyonyesha, mzee dhaifu na mtoto, hao wakikosa maji siku nzima wanaweza kuanguka, na wengine wasiamke. Kwa mgonjwa wa sukari anayetumia dawa, kukosa chakula kunaweza kushusha sukari ghafula hadi kuzimia.

Wengi wao hawatasema. Wanaogopa kuonekana wana imani ndogo. Kwa hiyo asiwe mgonjwa wa kuomba ruhusa, mchungaji mwenyewe aseme wakati wa kutangaza: "Wanaomeza dawa kila siku, wajawazito, wanaonyonyesha na wazee dhaifu, ninyi mtaomba pamoja nasi mkinywa na kula." Sentensi moja kama hiyo kutoka madhabahuni inaondoa aibu.

Kutunza kinywa hapa petu

Katika hospitali za nchi tajiri kuna mate ya kutengenezwa na dawa ya kuamsha tezi. Tusihuzunike kwamba hatunazo, kwa maana msingi wa kutunza kinywa kikavu ni mambo ya kila siku.

Kunywa kidogo kidogo. Mafunda mawili kila baada ya muda yanafaa kuliko vikombe vitatu kwa mara moja. Weka chupa karibu na kitanda, na ubebe nyingine kwenda kanisani. Wasimamizi wa ibada wasimkataze mzee kunywa wakati wa mahubiri. Mwenye ugonjwa wa moyo au wa figo aliyeambiwa kipimo cha maji, akae ndani ya kipimo hicho na aloweshe tu kinywa.

Lainisha chakula. Bukari iwe laini na iende na mchuzi mwingi: sombe yenye mawese, maharagwe yaliyopondwa, samaki wa kupika badala ya samaki mkavu wa kuchoma. Muhogo wa kuchoma, karanga kavu na biskuti vinakwama. Pilipili nyingi inachoma ulimi usio na mate. Mtu ale taratibu, akinywa funda katikati, na asihimizwe.

Tafuna. Kutafuna huamsha tezi ambazo bado zina nguvu. Kijiti safi cha mswaki kinafaa, na ubani wa kutafuna usio na sukari kama unapatikana. Ubani wenye sukari unaoza meno. Ndimu huleta mate haraka, lakini asidi yake inakula meno yasiyo na ulinzi, na kwenye ulimi uliopasuka ni moto; isiwe dawa ya kila siku.

Safisha meno mara mbili kwa siku, na usikose kabla ya kulala, kwa sababu usiku mate hupungua hata kwa mtu mzima wa afya. Tumia mswaki laini na dawa ya meno yenye floridi. Angalia neno hilo kwenye kasha. Kiasi cha punje ya mahindi kinatosha, kwa hiyo kasha moja litadumu. Tema povu, lakini usisuuze sana, ili floridi ibaki kwenye meno. Kijiti kinasafisha, ila hakina floridi. Mwenye meno ya bandia ayatoe usiku, ayasugue na kuyaweka ndani ya maji safi.

Suuza kinywa baada ya kula kwa kikombe cha maji safi ya vuguvugu chenye nusu kijiko kidogo cha chumvi, kisha tema. Usimeze, hasa mwenye presha. Maji ya kununua ya kusuuzia yenye pombe yanaongeza ukavu.

Paka midomo mawese safi au mafuta mengine laini, hasa wakati wa kiangazi, vumbi linapojaa hewani. Pumua kwa pua. Acha tumbaku na lutuku. Bila hilo, mengine yote yatasaidia nusu tu.

Mgonjwa aliye kitandani

Kuna kinywa kikavu cha mtu anayekaribia kwenda. Hapo swali la sababu limekwisha kujibiwa, linabaki tendo la upendo. Katika Luka 16 yule tajiri katika mateso hakuomba kisima. Aliomba ncha ya kidole iliyochovywa majini. Mgonjwa wa mwisho anaomba vivyo hivyo, mara nyingi kwa macho tu.

Kundi la wamama na mashemasi wanaotembelea wagonjwa wanaweza kujifunza hili. Nawa mikono. Mwinue mgonjwa kichwa kidogo au mlaze kwa ubavu. Funga kitambaa laini na safi kwenye kidole, kichovye katika maji yaliyochemshwa, ukikamue, kisha paka ulimi, mashavu kwa ndani na ufizi, taratibu. Paka mafuta kidogo kwenye midomo. Rudia mara nyingi, hata kila saa kama wapo wa kupokezana.

Usimimine maji katika kinywa cha mtu aliyezimia au asiyeweza kumeza. Maji yataingia kwenye mapafu na kumsonga. Wengi wamefanya hivyo kwa huruma. Kama hamezi, mloweshe tu. Na wakati mmoja anamlowesha, mwingine aimbe. Kusikia kwa mgonjwa huenda bado kupo.

Wakati wa kwenda kituo cha afya

Nenda leo, usingoje, ikiwa kinywa kikavu kinafuatana na kuhara sana au kutapika, kuchanganyikiwa, kupumua haraka na kwa nguvu, usingizi usio wa kawaida, au kushindwa kumeza kabisa. Kwa mgonjwa wa sukari, kupumua kwa nguvu kukiwa na harufu kama ya matunda kinywani ni hatari ya kufa.

Nenda wiki hii ikiwa ukavu umedumu zaidi ya wiki mbili, ikiwa kuna kiu na mkojo mwingi, utando mweupe, uvimbe mbele ya sikio au chini ya taya, vidonda visivyopona, macho makavu, au kama ulianza baada ya dawa mpya. Andika kwenye karatasi siku ulipoanza na dawa zote unazomeza, ili safari isiwe bure.

Kazi ya kanisa

Haya yote hayahitaji bajeti. Jumapili moja, baada ya ibada, muuguzi wa kanisa au wa kituo anaweza kuombwa dakika kumi na tano kueleza dawa za presha na ugonjwa wa sukari, huku watu wakiwa wameleta pakiti zao. Kama kituo kina kifaa cha kupima sukari, sadaka ndogo ya wamama inaweza kulipia vipimo vya wazee wasio na mtu. Watembeleao wagonjwa waongeze swali moja kwenye yale wanayouliza: "Mama, chakula kinashuka vizuri? Kinywa kikoje?" Wengi watajibu kwa sababu mtu hatimaye ameuliza.

Na wewe unayesoma haya, kama nyumbani kwako yuko anayeamka usiku kutafuta kikombe, mpe maji kwanza. Kisha keti naye, mwombe akuonyeshe dawa zake, na kesho msindikize kituoni.